Matairi membamba kwenye Land Rover na Land Cruiser za zamani: dalili, chanzo na tiba

Land Rover 109 na 110, pamoja na Land Cruiser nyingi za familia ya 70, zilitoka kiwandani zikiwa zimevaa tairi la 7.50-16 kwenye rimu nyembamba, mara nyingi ya inchi 5.5. Haukuwa ubahili wa kiwanda. Tairi jembamba na refu hubeba mzigo mzito, huupa usukani usio na pawa wepesi, haligusi springi gari likikata kona, na lina eneo dogo la kuchomwa na mawe. Hata hivyo malalamiko ni yaleyale kila siku: pancha haziishi, usukani unatikisika, gari linatangatanga, linakwama. Mara nyingi tairi halina kosa. Kosa liko kwenye rimu isiyolingana nalo, tyubu ya saizi nyingine, upepo uliojazwa kwa kukisia, au beringi iliyochoka miaka mingi iliyopita.

Anayekushauri uweke tairi pana kabla hajashika geji ya upepo ana tairi la kuuza.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia, na ukaguzi usio na gharama umetangulia kufungua nati yoyote.

## Soma ubavu wa tairi kwanza

7.50-16 yenye kistari ni tairi la nailoni. 7.50R16 ni tairi la waya. Usichanganye aina hizi mbili kwenye ekseli moja hata kwa siku moja, kwa sababu nailoni na waya hazijibu usukani kwa namna moja. Ikibidi gari litembee na aina zote mbili hadi ufike mjini, yale ya waya yakae nyuma, na uende taratibu.

Vipimo vya kukumbuka, vyote vikiwa vya karibu kwa sababu kila kiwanda hupishana kidogo:

- 6.00-16: kimo milimita 730, rimu ya inchi 4.5 hadi 5. Ni la Land Rover fupi za zamani.
- 205R16: upana 205, kimo 735 hadi 740, rimu 5.5 hadi 6.5.
- 7.50R16: upana 210, kimo 805, rimu 5.5 hadi 6.5.
- 235/85R16: upana 235, kimo 806, rimu 6 hadi 7.5.
- 265/75R16: upana 265, kimo 804, rimu 7 hadi 8.

Angalia hayo matatu ya mwisho. Kimo ni kimoja, tofauti ni upana tu. Kwa hiyo ukihama kutoka 7.50 kwenda 265/75 hupati hata milimita moja ya urefu chini ya difu. Unachopata ni tairi linaloparuza pale usukani unapokatwa wote.

Baada ya saizi, tafuta namba ya mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 116 ni kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400. Land Rover 110 au pikapu ya Land Cruiser inayobeba mzigo haitakiwi kuvaa tairi la gari dogo lenye 104 (kilo 900) kwa sababu tu linaingia kwenye rimu. Herufi inayofuata ni mwendo: L mwisho wake kilomita 120 kwa saa, N 140, Q 160. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno marefu lakini lililokaa miaka mingi juani lina nyufa ndogondogo kati ya meno na karibu na rimu. Likunje kwa mkono. Nyufa zikifunguka uone nyuzi ndani, liache dukani.

## Rimu inaonekana kuingia, lakini haikai sawa

Chanzo cha kwanza ni tundu za nati. Land Rover za zamani, tangu Series (modeli za awali) hadi Defender, zina stadi tano (boliti za habu zinazoshika rimu) kwenye duara la milimita 165.1. Land Cruiser za familia ya 70 hadi 1999 zina stadi sita kwenye duara la 139.7. Kuanzia hapo, 78 na 79 zikawa na stadi tano kwenye duara la 150. Muuzaji akikwambia "tundu tano ni tundu tano", toa rula. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake: milimita 97 ni Land Rover, milimita 88 ni Land Cruiser ya tundu tano. Kwa tundu sita, pima moja kwa moja kati ya tundu mbili zinazotazamana. Unatakiwa kupata karibu milimita 140.

Chanzo cha pili ni kina cha rimu, yaani uso unaolala kwenye habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Rimu za Prado na Hilux za tundu sita huingia kwenye Land Cruiser ya zamani, ila nyingi zina inchi 7 au zaidi na kina tofauti. Zikisukuma gurudumu nje, beringi ya nje ya habu inabeba mzigo ambao haikupangiwa, usukani unakuwa mzito, na kila jiwe unaligonga kwa mkono wako. Zikilivuta ndani, tairi linagusa springi au mkono wa ekseli. Spesa za kubandika kati ya habu na rimu si tiba. Tafuta rimu yenye kina sahihi.

Tatu, tundu la katikati. Rimu lazima ilale bapa kwenye habu bila kulazimishwa na nati. Ishushe kwa mkono, izungushe kidogo. Ikicheza juu ya kutu au tabaka nene za rangi, kwangua mpaka chuma kionekane.

## Pancha za kila mara

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu fundi huziba tundu bila kuuliza lilitoka wapi. Kabla hujakubali kiraka kingine, toa tyubu, ijaze upepo kidogo nje ya tairi, uiweke juu ya tairi ikiwa imeelekezwa vilevile ilivyokaa ndani. Mahali tundu lilipo ndipo jibu lilipo.

Tundu upande wa nje, panapogusa meno ya tairi: ni mwiba au msumari, na mara nyingi ncha yake bado imo. Mwiba wa mgunga hukatika ndani ya mpira usiuone. Pitisha kitambaa chembamba ndani ya tairi lote, usipitishe kidole kitupu. Kitambaa kitakwama penye ncha. Ukiutoa mwiba mmoja, endelea kutafuta.

Tundu upande wa ndani, panapogusa rimu: flepu haipo, imechanika, au imekunjwa. Flepu ni ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu. Mafundi wengine huitupa wakisema haina kazi. Kazi yake ni kuzuia tyubu isitafunwe na kutu, na kwenye rimu ya ringi, kuizuia isibanwe kwenye ule mwanya. Rudisha flepu ya saizi ya tairi, piga rimu brashi ya waya, paka rangi, acha ikauke kabisa.

Mikato miwili inayotazamana, mithili ya kung'atwa na nyoka: tyubu imebanwa kati ya tairi na ukingo wa rimu. Upepo ulikuwa mdogo mno au shimo lilipigwa kwa kasi.

Mpasuko mrefu usio na kitu kilichochoma: tyubu ni ya saizi nyingine na imevutwa kupita kiasi, au ni ya tairi la nailoni iliyowekwa ndani ya tairi la waya. Tairi la waya hujikunja ubavuni kila mzunguko, na tyubu isiyo na alama ya R hupata joto ikachanika kwenye maungio. Nunua iliyoandikwa 7.50R16, si ile ya "inaingia zote".

Michubuko mingi midogo kama imepigwa msasa: tyubu imo ndani ya tairi lisilotengenezwa kwa tyubu. Ndani ya matairi hayo kuna mistari iliyoinuka na vibandiko vya karatasi vinavyokwaruza. Bandua karatasi zote, lainisha penye makali, tia poda ya matairi. Kama fundi hakutumia poda, tyubu itajikunja na kunata, na mkunjo ndio utakaopasuka.

### Valvu inayokatika shinani

Itazame valvu kabla ya kufungua gurudumu. Imesimama wima katikati ya tundu lake, au imelala upande? Ikiwa imelala, tairi limeteleza juu ya rimu likaburuta tyubu. Hutokea ukitembea na upepo mdogo kwenye mchanga halafu ukakanyaga mafuta au breki kwa nguvu. Chora mstari wa chaki au rangi unaotoka kwenye rimu hadi ubavu wa tairi. Mistari ikiachana, simama, toa upepo wote, nyoosha tyubu, jaza upya. Ukiendelea, shina la valvu litang'oka, na hilo halizibiki kwa kiraka.

Chanzo kingine ni tundu la valvu kwenye rimu. Yapo ya milimita 11.5 na yapo ya karibu 16. Valvu nyembamba kwenye tundu pana hucheza na kukatwa na makali ya chuma. Tafuta tyubu yenye shina linalolingana na tundu, na lainisha makali kwa tupa ya duara.

## Upepo unapungua bila pancha, tairi lisilo na tyubu

Paka maji ya sabuni kwenye valvu, kisha mzunguko mzima panapokutana tairi na rimu, kisha kwenye maungio ya rimu yenyewe. Mapovu kwenye ukingo ni kutu. Toa tairi, piga brashi mpaka chuma laini, paka rangi nyembamba.

Mapovu yakitoka kwenye riveti au kwenye mshono wa rimu, basi rimu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya tyubu. Zile za zamani zilizopigwa riveti hazikukusudiwa kuzuia upepo, na wala hazina ule mgongo mdogo wa ndani unaoshikilia tairi lisichomoke kwenye kona. Weka tyubu na flepu, au nunua rimu za kipande kimoja zilizotengenezwa kwa matairi yasiyo na tyubu. Silikoni na gundi hazidumu hapo.

## Rimu ya ringi: mahali pa kuweka spana chini

Rimu nyingi nyembamba za Land Cruiser ni za vipande: sinia na ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Faida yake ni kwamba unaweza kufungua tairi porini kwa tairi-liva mbili na nyundo. Hasara yake ni kwamba ringi isiyokaa sawa huruka wakati wa kujaza upepo, na nguvu yake inaua. Wako mafundi waliokufa hivyo.

Ukaguzi unaoweza kuufanya mwenyewe ukiwa umesimama pembeni: ringi imeingia kwenye mfereji wake mzunguko mzima? Mwanya kati ya ncha zake, kwa zile zilizokatwa, uko sawa? Kuna kutu iliyovimba chini yake? Kuna ufa, au dalili kwamba iliwahi kunyooshwa kwa nyundo au kuchomelewa?

Masharti yasiyo na mjadala:

1. Ng'oa sindano ya valvu, toa upepo wote, kabla ya kugusa ringi. Pitisha waya kwenye valvu uhakikishe haikuziba.
2. Gurudumu lililotembea bila upepo, hata mita mia, halijazwi likiwa kwenye gari. Linafunguliwa, linakaguliwa, linafungwa upya.
3. Usichanganye ringi ya rimu moja na sinia ya nyingine, hata zikifanana.
4. Jaza ndani ya kizimba cha chuma. Mpira wa upepo uwe mrefu, kichwa chake kijibane chenyewe kwenye valvu, nawe usimame upande wa meno ya tairi, kamwe usisimame mbele ya ringi.
5. Usigonge ringi kwa nyundo wakati ina upepo. Haijakaa? Toa upepo wote, anza tena.

Baadhi ya Land Rover za jeshi zina rimu ya nusu mbili zilizofungwa kwa nati. Nati za duara la ndani ndizo zinazoshika gari, na za duara la pili zinashika zile nusu mbili. Ukilegeza za nusu mbili zikiwa na upepo, hutapata nafasi ya kujuta. Zipake nyekundu.

Fundi asiye na kizimba, mpelekee tairi jingine. Hili mpe mwenye kizimba.

## Usukani unatikisika, kwa kawaida kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa

Anza na tope. Tope la mfinyanzi lililokauka ndani ya rimu moja linatosha kutikisa gari zima. Lioshe kwa ndani, kisha jaribu tena. Magari yanayotoka mashambani msimu wa masika hupona hapohapo bila spana.

Haijapona? Hamisha magurudumu ya mbele nyuma. Mtikisiko ukihamia kwenye kiti na kuacha usukani, ubovu uko kwenye tairi au rimu. Inua gurudumu kwa jeki, weka vigingi, lizungushe huku umeshikilia bisibisi karibu na ukingo wa rimu. Ukingo ukisogea zaidi ya milimita 2 hadi 3, rimu imepinda. Rimu ikiwa nzima lakini meno ya tairi yanapanda na kushuka, tairi limekaa vibaya kwenye rimu au waya wake umekatika ndani. Lile lililokaa vibaya hutolewa upepo, hupakwa sabuni na kujazwa tena. Lenye uvimbe halina tiba.

Kisha kubalansi. Rimu nzito za chuma huhitaji mashine inayozishika kwa tundu za nati, kwa sababu tundu la katikati la rimu nyingi za zamani halipo sawa kabisa. Ukibalansiwa kwa koni ya katikati peke yake utalipa mara mbili.

Ikiwa mtikisiko unabaki mbele hata baada ya kuhamisha magurudumu, tatizo liko kwenye ekseli. Inua upande mmoja, shika tairi juu na chini, litikise. Mtu mwingine akanyage breki, nawe utikise tena. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi au pini za shingo ya ekseli, yaani kiungo kinachogeuza gurudumu. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi na boljointi zake. Kwa magari ya springi za koili, angalia bushi za ile fimbo inayotoka ekseli kwenda chesisi upande wa pili.

Onyo: kama usukani unapigapiga kwa nguvu mpaka huwezi kuushika ukipita shimo, punguza mwendo kwa kuachia mafuta, egesha, usiendeshe tena kwa mwendo wa barabara kuu. Shokabu mpya ya usukani itanyamazisha dalili kwa wiki chache na kuficha beringi inayoisha. Shingo ya ekseli hukazwa kwa kipimo cha mzani wa springi na shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujazia). Mpe fundi mwenye kipimo hicho.

## Gari linatangatanga au linavuta upande

Upepo, upepo, upepo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Kitabu cha Land Rover 110 yenye 7.50R16 kinataka psi 28 mbele na 48 nyuma. Wengi hujaza 40 kote, na matokeo yake mbele inadunda na nyuma, ikibebeshwa mzigo, inayumba juu ya ubavu mrefu wa tairi. Gari tupu linaweza kupunguziwa nyuma, lakini ukipakia, rudisha. Kanuni inayotumika sana: upepo ukipanda zaidi ya psi 6 baada ya mwendo wa saa moja, tairi lilikuwa na upepo mdogo au mzigo umezidi. Usiutoe ule ulioongezeka ukiwa njiani.

Gari likivuta upande mmoja, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia. Likianza kuvuta upande mwingine, ni tairi. Likibaki palepale, gusa ngoma au diski za breki baada ya mwendo. Iliyo moto kuliko mwenzake inang'ang'ania.

Kutangatanga kunakobaki hutokana na mpangilio wa magurudumu. Hapa mashine za alaimenti hukosea kwa sababu anayeziendesha hutumia kipimo kimoja kwa kila Land Rover. Series za springi za majani zinatakiwa zitazamane kwa mbele milimita 1.2 hadi 2.4. Defender ya koili inatakiwa iwe sawa au iachane kwa mbele hadi milimita 2. Mwambie kabla hajaanza.

Gari lililoinuliwa springi bila kurekebisha mlalo wa ekseli hupoteza uwezo wa usukani kurudi wenyewe, na tairi jembamba huonyesha hilo haraka. Tiba ni kabari za springi au bushi za kurekebisha. Tairi pana litaficha ugonjwa tu.

## Tairi linalika vibaya

Limelika katikati: upepo mwingi, au 235/85 imewekwa kwenye rimu ya inchi 5.5 na uso wake ukawa mviringo. Limelika kingo zote mbili: upepo mdogo. Ukingo mmoja: beringi, shingo au ekseli iliyopinda. Pitisha kiganja juu ya meno. Yakiwa makali upande mmoja na laini upande mwingine, ni alaimenti. Mashimomashimo ya duara: shokabu zimekufa. Hamisha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, pamoja na la akiba, maana la akiba linazeeka hata likiwa limetulia.

## Gari linakwama, na tairi jembamba linalaumiwa

Uliza kwanza umekwama kwenye nini. Penye tope jembamba juu ya udongo mgumu, tairi jembamba hukata tope na kushika chini, na linalishinda pana. Penye tope lisilo na mwisho, kama udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua ya siku tatu, jembamba huzama mpaka difu ikalala, na hilo pana nalo hujaa udongo likawa kipara. Hapo meno marefu yenye nafasi, au minyororo, ndiyo yanayoamua. Minyororo huingia kwa urahisi kwenye jembamba kwa sababu kuna nafasi kati yake na springi.

Kwenye mchanga, sababu ni moja mara nyingi mno: dereva hakushusha upepo. Tairi jembamba na refu likishushwa hurefuka chini kwa mbele na nyuma, halitanuki sana kwa pembeni, na urefu huo ndio unaolibeba gari. Kwa 110 yenye mzigo wa kawaida na rimu ya kipande kimoja, jaribu 18 mbele na 24 nyuma, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, usikate kona kwa ghafla. Barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo, punguza kama robo ya upepo na mwendo pia. Jaza tena kabla ya lami. Joto la tairi laini kwenye lami ndilo linalolichana ubavu.

Rimu za ringi hazifai kushushwa hivyo. Kama safari zako ni za pwani na mito ya mchanga, badilisha rimu kwanza.

## Tairi linagusa gari pale usukani unapokatwa

Kagua mahali penye mng'aro wa mpira: springi, mkono wa ekseli, fenda au shokabu. Kwa 7.50R16 kwenye rimu sahihi hili halitakiwi kutokea, hivyo anza na kina cha rimu, kisha springi iliyolala upande mmoja. Kwa 265 ni kawaida. Rekebisha boliti za kusimamisha usukani, ujue umepoteza sehemu ya kona. Likigusa bomba la breki, gari lisitembee.

## Gari limepoteza nguvu, spidomita inadanganya, transfa inapata moto

Ukitoka 205R16 kwenda 7.50R16, kimo kimeongezeka kama asilimia 9. Spidomita ikisema 80, unakwenda karibu 87. Gia zote zimekuwa ndefu, breki zina kazi zaidi, na gari dogo la petroli litaomba gia ya tatu mlimani. Chaguo la kati ni 215/85R16 au 7.00R16, zenye kimo cha karibu 770 hadi 780.

Transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) kupata moto au gari kukaza kwenye lami ni habari nyingine. Kwa Land Cruiser, hakikisha kwanza hujaacha fowili imeingia. Kwa Land Rover 110 inayovuta magurudumu yote muda wote, hakikisha difu ya katikati haijafungwa. Baada ya hapo pima mzunguko: weka alama ya chaki chini ya tairi, sukuma gari mizunguko mitano, pima urefu. Linganisha mbele na nyuma, upepo ukiwa sawa. Tairi jipya na lililolika nusu kwenye gari la aina hiyo hulazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Tofauti ikizidi asilimia 2, panga upya matairi.

## Nati zinalegea, stadi zinakatika

Chanzo kikuu ni rangi. Rimu iliyopakwa rangi nene chini ya nati hulegea mara rangi inaposagika. Kwangua koni za tundu na uso wa habu. Cha pili ni nati isiyo ya rimu ile: za rimu ya chuma huwa na koni, za rimu nyingi za aloi zina shingo ndefu au washa bapa, na hazibadilishani. Cha tatu ni kukaza kwa mashine ya upepo. Kaza kwa winspana kwa mtindo wa msalaba, malizia kwa spana ya kipimo. Defender yenye rimu za chuma za kawaida ni nyutoni-mita 108, za aloi 130, za chuma nzito 170. Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Usipake grisi kwenye koni.

Stadi moja ikikatika, zilizobaki zimevutwa. Badilisha zote za gurudumu hilo, na usikubali stadi ichomelewe kwenye habu.

Toa magurudumu yote, yaoshe, kagua kati ya tundu na tundu upande wa ndani. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye tundu ni ufa. Rimu yenye ufa haichomelewi, hata na fundi hodari, kwa sababu chuma kilicho jirani na mshono hupasuka kikibebeshwa mzigo. Na usiiegemeze nyuma ya karakana. Ikate kwa grainda vipande viwili, maana ikibaki nzima kuna mtu atakuja kuiuza.